Kupima kina cha kisima kwa jiwe na simu

Ninyi mnaoanza somo la mwendo mtakutana mapema na swali la jiwe linaloachiwa kisimani, na mtaambiwa kwamba kina ni nusu ya mchapuko wa graviti, yaani mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, mara mraba wa muda. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini mimi nilipoijaribu kwa mara ya kwanza kwenye kisima kilichoachwa (msitupe mawe katika kisima cha watu wanaokunywa), saa ya simu ilinipa sekunde 2.24, nikapata mita 24.6, ilhali kamba yenye uzito iliyoteremshwa baadaye ilionyesha mita 20 tu.

Nilirudia mara kumi nikitafuta wastani, na wastani ukabaki palepale, kwa sababu wastani hupunguza makosa yanayoyumba huku na huku, wala hauondoi kosa linaloegemea upande mmoja. Sauti ya jiwe kutumbukia majini, ikisafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde, ilihitaji sekunde 0.06 kunifikia; sehemu iliyobaki ya muda uliozidi ule wa jiwe kuanguka, kama sekunde 0.16, ilikuwa ya kidole changu kuchelewa kubonyeza. Ucheleweshaji huo unaonekana mdogo mpaka mkumbuke kwamba jiwe linapofika majini lina kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya sekunde mnayoikosea inawaongezea mita 2 ambazo hazipo. Hesabu hii ya kuzidisha kosa la muda kwa kasi ya mwisho ifanyeni kabla hamjaondoka nyumbani.

Dawa niliyoiona inafaa ni kurekodi sauti: anayeachia jiwe anagonga ukingo kwa kijiti wakati uleule, kisha muda unasomwa kwenye mchoro wa sauti, kati ya mlio wa kijiti na mlio wa jiwe kutumbukia. Nilipata sekunde 2.09, nikatoa 0.06 ya sauti, na kanuni ikanipa mita 20.2.

Kwa kisima cha mita 3 msijisumbue na saa ya kubonyeza. Jiwe huanguka kwa sekunde 0.78 tu, na kidole kilekile kitawaonyesha zaidi ya mita 4. Hapo chukueni kamba.