Kabla ya kununua kiyoyozi, uliza mama anakunywa nini baada ya magharibi

Ndugu, umeeleza kwamba mama yako wa miaka 76 anasinzia mchana kutwa tangu joto la Februari lipambe moto, na unauliza kama umnunulie kiyoyozi. Mimi ningeanza kwa kuchungulia jagi lake la maji.

Marehemu baba yangu aliishi Tanga, katika nyumba ya bati isiyo na dari, ambayo msimu wa kaskazi hubaki na fukuto hadi usiku wa manane. Asubuhi moja tulimkuta ameketi kitandani, midomo imekauka, akimwita dada yake aliyefariki zamani. Sisi tukasema ni uzee. Hospitalini tukaambiwa ameishiwa maji mwilini. Niliporudi chumbani nililikuta jagi limejaa pomoni chini ya kitambaa chake cha kufumwa; mzee alikuwa ameacha kunywa tangu alasiri, kwa kuwa choo kilikuwa uani na aliwahi kujikwaa kizingitini gizani. Juu ya hayo, alikuwa akitumia dawa ya presha ya aina ile inayokojoza, na madirisha aliyafunga kwa kuogopa wezi.

Kadiri umri unavyosogea, kiu hupungua na jasho pia hupungua, kwa hiyo ukisubiri mzee aseme ana kiu utakuwa umechelewa. Tulimwekea ndoo ya haja chumbani, jambo alilolipinga kwa siku tatu, pamoja na taa ya usiku. Tukatia nondo na wavu dirishani. Na kila baada ya swala mjukuu alimpelekea kikombe, akakaa hapo mpaka kiishe. Feni husaidia zaidi ukimpangusa kwanza shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji.

Mwenye maradhi ya moyo au figo hupangiwa na daktari kiasi cha maji, na dawa ya presha haisimamishwi nyumbani. Iwapo anafunga Ramadhani, ambayo miaka hii imeangukia kaskazi, lizungumzeni hilo na daktari mapema.

Mwili ukiwa wa moto sana na maneno yakachanganyika, hiyo ni dharura: mmwagie maji mkiwa mnatafuta gari, wala msimnyweshe kwa nguvu asije akapaliwa. Mama yako, kwa kuwa usingizi huo umeanza pamoja na joto, mpeleke kesho akapimwe, na dawa zake zote zitie mfukoni uende nazo.