Jibu: Ada ni ndogo, sasa waligoma nini?

Mkuu, umeuliza inakuwaje wanafunzi wa Ufaransa wafunge vyuo mwaka 2018 wakati ada yao ni kiduchu. Ugomvi haukuwa ada, ulikuwa mlango wa kuingilia.

Kule ukishafaulu mtihani wa kumaliza sekondari, baccalauréat, una haki ya kuingia chuo kikuu cha umma. Shida ni kwamba kozi nyingine zilifurika, mfano zile za michezo, hadi mwaka 2017 baadhi ya waombaji wakapangwa kwa bahati nasibu. Yaani umefaulu vizuri, halafu kompyuta inakuchezea kamari!

Serikali ya Rais Macron ikaleta sheria mpya Machi 2018, pamoja na mfumo wa maombi uitwao Parcoursup. Vyuo vikaruhusiwa kupitia alama na barua za waombaji na kuwapanga kwa orodha, nani atangulie na nani afuate. Wanafunzi wakasema huo ni mchujo uliovalishwa kanzu, na atakayeumia ni mtoto wa shule za vitongoji maskini. Binafsi naona walikuwa na hoja, ingawa ile bahati nasibu nayo ilikuwa upuuzi mtupu.

Pale Tolbiac, kampasi ya chuo kikuu jijini Paris, wanafunzi walikalia majengo karibu mwezi mzima. Kuna siku waliita waandishi wa habari, wao wameficha nyuso, na mezani kaketi nao mbwa, katulia kama msemaji wao. Picha ile ilisambaa balaa. Alfajiri ya Aprili 20 polisi wakaingia na kuwatoa. Parcoursup yenyewe ikabaki.