Pico kwanza, kebo ya FPGA baadaye

Kijana wa hapa Lamu akiniuliza anunue kebo gani ya kupakia FPGA (chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe), humjibu: usinunue kwanza. Kebo ya kiwandani ni ghali, na ukiagiza itakuja kwa basi hadi Mokowe, kisha ivuke kwa boti. Muda wote huo chipu yako imekaa bure. Bodi ya Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4, itakufanyia kazi hiyo vizuri tu, na huenda rafiki yako anayo mezani.

FPGA nyingi hupakiwa kupitia JTAG, yaani waya nne: TCK ya mapigo, TMS ya kuongoza, TDI ya kuingiza data na TDO ya kuitoa. Kuna programu huria iitwayo DirtyJTAG, inayoigeuza bodi ndogo kuwa kebo ya JTAG, nayo ina toleo la Pico. Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka USB, na Pico itatokea kwenye laptopu kama flashi diski. Nakili faili la UF2 la DirtyJTAG humo, umemaliza. Isipotokea, badilisha kebo kabla ya kuishuku bodi. Kebo nyingi za kuchajia simu zina waya za umeme tu. Za data hazimo.

Penye kutaka subira ni kwenye waya. Pini za Pico ni za volti 3.3. Fungua mchoro wa bodi yako ya FPGA uone pini za JTAG zinatumia volti ngapi. Zikiwa za 1.8, lazima uweke kibadilisha volti katikati. Arduino Uno ya volti 5 usiiunganishe moja kwa moja hata kwa kujaribu, utaiua chipu. Anza na GND (ardhi ya umeme) kwa GND, kwa sababu bila hiyo ishara hazina msingi wa kupimiwa. Kisha TDI iende kwa TDI, TDO kwa TDO. Waliozoea waya za siriali, za TX (kutuma) kwenda RX (kupokea), huzivusha hizi pia, halafu wanahangaika usiku kucha.

Kisha kuna chumvi, ambayo vitabu haviitaji. Hewa ya bahari hula pini na ncha za waya, ukaona kila kitu kimeshika kumbe hakijashika. Futa pini kwa spiriti, na ukiweza lehemu waya badala ya kuzichomeka. Ziwe fupi, sentimita 10 zatosha. Bodi usizozitumia zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Sasa kwenye laptopu weka openFPGALoader, programu ya kupakia FPGA, na usipakie chochote kabla ya kuandika:

openFPGALoader -c dirtyJtag --detect

Chipu ikijitaja jina, waya ni salama. Namba ya utambulisho wa chipu ikiwa sifuri tupu au F tupu, karibu kila mara ni TDO haifiki, au GND, au chipu haina umeme. Ikijitaja mara moja na kukataa mara nyingine, punguza kasi kwa kuongeza --freq 1000000. Mimi huanza na kasi hiyo ndogo, nikaipandisha baadaye.

Pakia kwanza kwenye kumbukumbu ya ndani ya chipu, ambayo hufutika umeme ukizimwa. Ukikosea, chomoa na urudie. Ukiridhika, ongeza -f ili kuandika kwenye flashi, kumbukumbu ya bodi isiyofutika, ndipo bodi itaamka na kazi yako kila ikiwashwa. Andika flashi laptopu ikiwa na chaji, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Wenye FPGA za aina ya iCE40 wasipoteze muda na haya, kwani chipu hizo hazipakiwi kwa JTAG bali kwa SPI, njia nyingine ya waya chache. Pico itasaidia bado, lakini kwa programu nyingine, kama ile ya serprog inayotumiwa na flashrom (programu ya laptopu) kuandika flashi iliyo pembeni. Wakati wa kuandika, pini ya CRESET, ya kuiweka upya FPGA, iunganishe na GND, la sivyo FPGA nayo itaisemesha flashi hiyo hiyo.

Kebo ya kiwandani utaihitaji siku utakapotaka kuchungulia ishara ndani ya chipu kwa zana za mtengenezaji, kwa kuwa zana hizo kwa kawaida haziitambui DirtyJTAG. Kwa kujifunza Verilog (lugha ya kuandikia saketi), kuwasha taa, na hata kuunda prosesa yako ndogo, Pico inatosha.