Nani amelipwa kwa barabara yetu?

SWALI: Mzee wa Masjala, hujambo? Mimi nauza chapati na maharagwe hapa Umoja, Nairobi. Mwaka jana barabara yetu ilichimbuliwa, vibanda vikaondolewa, kisha wajenzi wakatoweka. Hata kibao cha mradi kimeng'olewa. Nilienda ofisi moja ya serikali kuuliza aliyepewa kandarasi ni nani na amelipwa pesa ngapi. Karani akaniuliza, "Za nini? Wewe ni wakili?" Kisha akasema nikitaka kuandika, niandike kwa Kiingereza. Changu ni cha kuombea maji. Nifanyeje? – Mama Shiko

JIBU: Sijambo, Mama Shiko. Karani huyo alikosea mara tatu kabla hata hujaketi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inayosimamia haki hiyo haikudai useme unazitakia nini. Wakili si lazima. Kiswahili kinakubalika waziwazi, na asiyejua kuandika afisa anapaswa kumsaidia.

Sasa nikwambie jambo ambalo fomu haikwambii, maana nimestaafu nikitoka huko masjala. Barua inayouliza "mbona barabara haijaisha?" hujibiwa kwa hadithi ndefu za mvua na bajeti. Inayoomba karatasi, lazima mtu ainuke akatafute faili. Kwa hivyo omba karatasi: nakala ya mkataba, vyeti vyote vya malipo hadi leo, na ripoti za mhandisi aliyekagua kazi. Taja jina la barabara, inaanzia wapi na kuishia wapi, na mwaka kazi ilipoanza. Afisa mvivu hupenda sana barua isiyotaja mahali. Tena huombi hisani: mkataba wa umma ukishatiwa saini, sheria inataka jina la kampuni, bei na muda wa kazi vitangazwe bila kuombwa.

Barua iandike kwa mkuu wa taasisi. Hapa Nairobi barabara nyingine ni za kaunti, nyingine za KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini; ukikosea mlango, wanaopokea barua wana siku 5 za kuipeleka kunakohusika, na lazima wakujulishe. Beba nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo hata wakikwambia mwenye muhuri ameenda lanchi. Mngoje arudi.

Kuanzia tarehe hiyo wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. (Kuna pia muda wa saa 48, lakini huo ni wa habari zinazohusu uhai au uhuru wa mtu. Usiutumie kwa lami, watakucheka.) Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe una siku 30 za kupeleka malalamishi kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ambaye ana mamlaka ya kuamuru habari zitolewe.

Wakikukatalia kwa maandishi, lazima waeleze sababu. Huenda wakasema ni siri ya biashara ya mwanakandarasi. Pengine kurasa fulani ni siri kweli, lakini pesa za umma zilizolipwa si siri, na hapo usiregee. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua upande wa shirika la Katiba Institute, lililokuwa limenyimwa habari za matangazo yaliyolipiwa na serikali.

Kuomba ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala, na faili za barabara huwa nene, kwa hivyo omba kwanza uisome palepale uchague kurasa. Anayetaka ya chai, mwambie akuandikie risiti.

Na barua utie saini kwa jina lililo kwenye kitambulisho, si Mama Shiko, kwa kuwa haki hii ni ya raia na wanaweza kutaka uthibitishe. Wenzako wa vibanda nao waandike zao.