Maua ya nyanya kupukutika kwenye kitalu nyumba, Dodoma

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini nyanya zako za kitalu nyumba hapo Ihumwa zinapukutisha maua Oktoba hii, ilhali za Juni zilizaa vizuri ila zikachelewa kuiva. Ni joto, usiongeze mbolea. Likipita nyuzi 32 mchana, chavua, yaani unga wa ua unaorutubisha ili tunda lishike, inadhoofika. Utaona kikonyo kinageuka njano, kisha ua linadondoka zima. Ndani ya nailoni ya kitalu joto huzidi la nje kwa mbali. Fungua pande zote alfajiri, tandaza juu neti ya kivuli ya asilimia 30, uitoe mawingu yakitanda, maana mwanga ukipungua mno mmea unarefuka bila kuzaa. Za Juni zilicheleweshwa na baridi ya usiku. Mwakani sia mbegu Februari, zichanue Aprili.