Swali la msomaji: Mtambo wa Kanpur ulikwama wapi, na tangi la kromu lina kazi gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia majitaka katika kiwanda cha kusindika ngozi. Tunajiandaa kuhamia eneo la viwanda ambako kutakuwa na mtambo mmoja wa kusafisha majitaka ya viwanda vyote. Mkurugenzi wetu anasema tukishaunganishwa hapo hatutahitaji tena tangi letu la kukamata kromu. Mfano anaoutoa ni mji wa Kanpur, India, kwamba wenzetu walijenga mtambo wa namna hiyo tangu miaka ya 1990. Lakini kila ninaposoma habari za mto Ganges pale Kanpur, kromu bado inatajwa. Mtambo ule ulishindwa wapi? Na tangi letu tulibakize au tulivunje?

JIBU: Libakizeni, na kama ni dogo lipanueni kabla ya kuhama. Kanpur ni mfano mzuri, ila unamkana mkurugenzi wako. Pale walijenga mtambo unaotegemea bakteria, kisha wakauletea metali. Bakteria hula kinachooza. Kromu haiozi: ikiingia kilo tano, zitatoka kilo tano, ama ndani ya maji ama ndani ya tope.

Namna walivyofika hapo inaanzia mbali. Kanpur iko ukingo wa kulia wa Ganges, katika jimbo la Uttar Pradesh. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ya Waingereza, iliweka jeshi lake hapo miaka ya 1770, na mwaka 1801 Nawab (mtawala) wa Awadh, Saadat Ali Khan, akalazimika kuikabidhi Kampuni eneo hilo. Jeshi la farasi linataka hatamu, matandiko, mikanda na viatu, bila kukoma. Ngozi za ng'ombe na nyati zilikuwepo tele, na magome ya mgunga, ambao Wahindi huuita babul, yalipatikana kote katika tambarare iliyo kati ya Ganges na Yamuna. Reli kutoka Allahabad ikafika 1859. Baada ya uasi wa 1857 dhidi ya Kampuni, uliomwaga damu nyingi mno mjini humo, serikali ya Waingereza ikaanzisha kiwanda chake cha hatamu na matandiko katika miaka ya 1860, na kampuni ya viatu ya Cooper Allen ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1880. Viwanda vya nguo vilikuja sambamba: Elgin Mills katika miaka ya 1860, Muir Mills 1874, na kiwanda cha sufu cha Lal Imli 1876. Mji ukaitwa Manchester ya Mashariki. Viwanda vya nguo vikaja kuzorota na kufungwa kimoja baada ya kingine kuelekea mwisho wa karne ya 20. Ngozi ikabaki.

Ngozi ya zamani ya Kanpur ilikuwa ya magome, kwa namna ile ile ambayo miwati ya Njombe hutumika kwetu. Inakaa kwenye mashimo wiki kadhaa, nyingine miezi. Maji yake ni ya kahawia, yananuka na yanamaliza oksijeni ya mto, lakini mwishowe yanaoza. Usindikaji kwa kromu ulipewa hataza na Augustus Schultz huko New York mwaka 1884, na ulibadilisha kila kitu: kazi ya miezi inaisha kwa siku moja ndani ya dramu, yaani pipa kubwa linalozunguka, na ngozi inastahimili maji yanayochemka, wakati ya magome hujikunja kwenye nyuzi joto 70 hadi 85. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya India ilizuia kuuza nje ngozi ghafi ili viwanda vyake viuze ngozi iliyokamilika. Eneo la Jajmau, upande wa mashariki wa mji, mto unakotelemkia, likajaa viwanda vidogo vya kromu hadi vikafika takriban 400. Vingi vilikuwa kwenye viwanja finyu, ukuta kwa ukuta, bila hata mahali pa kuchimba tangi.

Mto wenyewe nao ulikuwa umeshapungua. Mfereji wa Ganges, uliojengwa chini ya mhandisi Proby Cautley na kufunguliwa 1854, unachota maji kule Haridwar kwa ajili ya mashamba, na mfereji wa pili ulianza kuchota Narora mwaka 1878. Kwa hiyo miezi ya kiangazi kabla ya mvua za masika ya kule, maji yanayofika Kanpur ni machache. Yeyote anayesema mto mkubwa utaiyeyusha kromu, mwambie apige hesabu hii. Tani 1 ya ngozi iliyokwisha kutolewa manyoya inatiwa kilo 80 za unga wa kromu, yaani asilimia 8. Unga huo kwa kawaida una asilimia 25 ya oksaidi ya kromu, sawa na karibu kilo 13.7 za kromu yenyewe. Katika dramu ya kawaida ngozi hushika asilimia 65 hivi, kilo 4.8 zinabaki majini. Kikomo cha India cha maji yanayoingia mtoni ni miligramu 2 za kromu kwa lita. Kuzifikisha kilo hizo 4.8 kwenye kikomo kwa kuongeza maji tu unahitaji lita milioni 2.4. Hiyo ni tani moja ya ngozi, ya kiwanda kimoja.

Mwanasheria M.C. Mehta alifikisha suala hili Mahakama ya Juu kabisa ya India mwaka 1985, na tarehe 22 Septemba 1987 mahakama ikaamuru viwanda vya Jajmau visivyoweza kuweka angalau usafishaji wa awali vifungwe. Mpango wa kusafisha Ganges ulikuwa umeshaanza, na Uholanzi ikasaidia Jajmau. Mtambo wa majaribio wa lita milioni 5 kwa siku ulianza 1989, wa lita milioni 36 ukafuata 1994. Ni mtambo wa aina isiyotumia hewa: majitaka yanaingia chini, yanapanda taratibu kupita kwenye blanketi la tope lenye bakteria, na gesi ya methani inakusanywa juu. Kwa umeme mdogo, hiyo ni teknolojia nzuri sana kwa majitaka ya majumbani katika nchi yenye joto.

Lakini maji ya ngozi peke yake yangewaua bakteria hao. Wahandisi wakayachanganya: lita milioni 9 za viwanda kwa lita milioni 27 za majumbani, moja kwa tatu. Kosa kubwa liko hapo. Kuchanganya kuliwaokoa bakteria, na wakati huo huo kukaisambaza kromu ndani ya maji mengi kiasi kwamba haikamatiki tena kwa bei nafuu. Kilichokuwa lita chache zenye kromu nyingi, rahisi kushughulikia, kikawa mto mzima wenye kromu kidogo.

Sehemu ya kromu ilitua kwenye tope la mtambo, na tope ambalo lingekuwa mbolea likawa taka ya hatari inayotaka dampo lake. Nyingine ilitoka na maji. Maji yaliyosafishwa yalipelekwa kwa mfereji kumwagilia mashamba ya vijiji vya jirani, na kromu ikalimbikizana kwenye udongo. Halafu kuna salfeti, ambayo watu wengi huisahau. Inatoka kwenye unga wa kromu wenyewe, kwenye asidi ya salfa, na kwenye salfeti ya amonia ya kuondolea chokaa. Pasipo hewa, kuna bakteria wengine wanaoitumia salfeti hiyo. Wanawanyang'anya chakula wale wa methani na kutoa haidrojeni salfaidi. Gesi iliyotarajiwa kuendesha jenereta inakuwa haba na yenye sumu, inakula zege, inakula vyuma. Chumvi ya kuhifadhia ngozi nayo inapita mtamboni kama ilivyoingia, kwa sababu hakuna bakteria anayeila.

Mengine ni ya uendeshaji. Viwanda viliongezeka na kumwaga zaidi ya lita milioni 9 zilizokubaliwa, uwiano ukavurugika. Umeme ulipokatika pampu zilisimama, na majitaka yanayotiririka hayasubiri umeme urudi: yalifurika kuelekea Ganges. Manyoya, nyama na chokaa viliziba mabomba.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Kromu ya sumu kali, kromu sita, iliyoingia maji ya ardhini huko Rania, wilaya jirani ya Kanpur Dehat, ilitokana na malundo ya taka za waliokuwa wakitengeneza unga wa kromu. Dramu ya ngozi inatumia kromu tatu, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Ila msijisahau: mkichoma vipande vya ngozi au tope lenye kromu, mnaitengeneza kromu sita wenyewe, na majivu yake yanayeyuka kwenye mvua. Pigeni marufuku moto kwenye dampo lenu.

Sasa tangi lenu. Linafanya kazi iwapo tu mfereji wa dramu za kromu uko peke yake, kutoka mlango wa dramu hadi tangini. Maji ya kromu yana pH (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya 3.5 hadi 4. Ya chokaa na salfaidi yana 12. Yakikutana, salfaidi inageuka gesi inayoua mtu shimoni kwa dakika chache. Kwa sababu hii hii mtu asishuke kwenye tangi lolote la majitaka bila kipimo cha gesi na mwenzake aliyesimama juu na kamba. Msiingize pia maji ya hatua za baadaye, yenye rangi na mafuta: kemikali zake zinaishikilia kromu majini isitue.

Chujeni kwanza kwa wavu mwembamba kuondoa nyuzi, na maji yatulie tangini saa moja au mbili ili mafuta yaelee myaondoe. Kisha tieni magnesiamu oksaidi huku mkikoroga, kidogo kidogo, hadi pH itulie kati ya 8 na 8.5. Kwa kemia, kilo 1 ya kromu inataka kilo 1.2 za magnesiamu oksaidi, na ya ziada kwa asidi iliyobaki kwenye maji. Kwa tani yetu 1 ya ngozi, anzeni na kilo 6, mwongeze kwa kufuata pH, si kwa kufuata mazoea. Inachelewa kuyeyuka, kwa hiyo kipimo cha dakika ya tano kitawadanganya, ngojeni. Chokaa au magadi ni rahisi zaidi kununua, lakini vinatoa tope jepesi kama uji linalokaa siku nzima bila kutua, na chokaa huongeza jasi ndani yake. Magnesiamu oksaidi inatoa tope zito linalotua usiku mmoja.

Asubuhi maji ya juu yawe maangavu, bila rangi yoyote. Yakiwa na kijani au bluu, hata kidogo, rudini kwenye pH. Yakiwa na ukungu, mafuta hayakuondolewa. Yatoeni kwa koki iliyo juu ya usawa wa tope, msiyavute kutoka chini. Tope liyeyusheni kwa asidi ya salfa, karibu kilo 1.9 kwa kila kilo 1 ya kromu, yaani kilo 9 hivi kwa mfano wetu. Asidi iingie kwenye tope polepole, miwani na glavu vikiwa vimevaliwa, hadi pH ifike 2.5 hadi 2.8. Mnachopata ni kimiminika cha kijani sawa na kilo 28 za unga mlioununua, theluthi ya dozi ya dramu inayofuata. Kianzeni kwenye ngozi za bitana au za tabaka la chini, kwa sababu mabaki ya mafuta huweza kufifisha rangi ya weti bluu, yaani ngozi mbichi ya buluu iliyotoka kwenye kromu. Mkurugenzi wako akiuliza faida, mwonyeshe bei ya kilo hizo 28 upande mmoja, na upande wa pili bei ya magnesiamu oksaidi na asidi.

Kanpur yenyewe imeshageuza njia. Chini ya mpango wa Namami Gange wa mwaka 2014, Jajmau ilipangiwa mtambo mpya wa lita milioni 20 kwa siku kwa ajili ya viwanda vya ngozi peke yake, bila majitaka ya majumbani, pamoja na kituo cha pamoja cha kurejesha kromu kabla maji hayajafika mtamboni.

Kabla ya kusaini mkataba na wenye eneo la viwanda, ulizeni mambo matatu: kama kuna bomba la pili la maji ya kromu au kila kiwanda kinakamata yake, tope litapelekwa dampo gani na kwa gharama ya nani, na pampu zina jenereta au hazina. Dai pia shimo la kuchukulia sampuli kwenye lango la kila kiwanda, kabla bomba halijaungana na la jirani. Sampuli ichukuliwe dramu zinapomwagwa. Ya saa mbili asubuhi, dramu zikiwa bado zinazunguka, haitaonyesha kitu.