Popo Aliniuma, Zahanati Wakanicheka

Juzi usiku ujumbe umeingia kwa simu, nimeshaanza kusinzia. Ni kijana mmoja wa huku huku Kwale, pwani ya Kenya, naye anatembeza watalii kama mimi: "Shikamoo kaka. Popo amenigonga usoni nikifunga geti. Ni mkwaruzo kidogo tu chini ya jicho. Haina neno, sivyo?"

Hilo "kidogo tu" lake likanikatia usingizi.

Miaka ya nyuma nilikuwa nawaingiza wageni kwenye mapango ya Shimoni, na nilikuwa na mchezo wangu. Wageni wakiogopa giza, naokota popo aliyeanguka, nampanua bawa mbele ya tochi, nasema huyu ni jirani yetu. Picha zinapigwa, bahashishi inapanda. Siku hiyo nikaokota mmoja mnyonge, anatetemeka. (Popo mzima haokotwi chini, lakini hilo nimelijua baadaye.) Akaniuma kidole gumba. Tone moja la damu, utadhani mwiba wa mndimu. Nikafuta kwenye suruali nikaendelea kusimulia habari za watumwa.

Siku mbili nikanyamaza. Mtu anayejiita mtaalamu wa mapango ataenda kusema ameumwa na popo? Kilikuwa kiburi, sina jina jingine. Mke wangu ndiye aliyenisukuma hadi zahanati, siitaji ni ipi, nako nikajibiwa: "Ni kichaa cha mbwa, bwana, si cha popo. Rudi nyumbani." Wakacheka. Mmoja akaniita Bwana Popo, na kabla sijafika kwangu mtaa mzima umeshalijua hilo jina. Liliniuma kuliko lile jino, na bado linaniuma.

Basi nikakaa nikasoma. Mwaka 2007 mwanamke mmoja wa Uholanzi alipiga kambi mbuga ya Tsavo Magharibi, hapa hapa Kenya, popo akampiga usoni, akabaki na kidonda kidogo puani. Alikisafisha, lakini chanjo hakupata. Wiki tatu na kitu zikapita, kichwa kikaanza kumuuma, na Desemba hiyo hiyo akafia Amsterdam. Kilichomuua ni virusi vya Duvenhage, ndugu wa kichaa cha mbwa, vilivyojulikana mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 1970. Dalili zikishaanza, dawa ya kumrudisha mtu karibu hakuna.

Halafu nikakuta jina la kwetu. Mwaka 2009 watafiti walipata ndani ya popo wa Shimoni virusi ambavyo dunia haikuwa inavijua, wakaviita kwa jina la mahali. Shimoni! Mapango yale yale niliyokuwa nachezea picha. Binadamu aliyeugua virusi hivyo bado hajajulikana, lakini nilikiangalia kidole changu kwa jicho jingine kabisa.

Nikaenda hospitali kubwa. Foleni na nauli sizisimulii. Nilichomwa sindano tano za mkononi, ya mwisho siku ya ishirini na nane, na dawa nyingine ya kinga pembeni ya kidonda. Niliyemkuta huko hakucheka hata kidogo.

Sasa wewe unayeishi na popo darini, au mwembe wako unavamiwa kila msimu, nisikilize. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, ukiangalia saa. Majivu na mafuta ya taa waachie wenye jiko. Kisha nenda ukachomwe sindano ya chanjo siku hiyo hiyo. Wakicheka, nenda kwingine. Narudia: wakicheka, nenda kwingine. Kweli, chanjo ya kichaa cha mbwa imeonekana maabara kuvizuia virusi vya Duvenhage, ila kwa virusi kama vile vya Shimoni au vya Lagos, vilivyopatikana kwa popo wa Nigeria mwaka 1956, nguvu yake ni ndogo. Wengine husikia hivyo wakasema basi ya nini. Kwani wewe popo wako umempima? Hujui kabeba nini. Osha, nenda.

Na msiende kuwachoma popo moto. Kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Popo ndiye anayechavusha mbuyu na kupunguza wadudu usiku. Mwacheni alale zake, na watoto wakimkuta chini wasimguse. Mimi mtu mzima nilimgusa kwa ajili ya bahashishi, sasa mtoto mtamwambia nini?

Yule kijana nilimpigia saa ile ile, nikamngoja kwenye simu akioshe, nikayasikia maji yakimwagika kwenye karai. Alfajiri akapanda matatu. Jana nimekutana naye stendi ya Ukunda, akanipungia mkono kwa mbali: "Bwana Popo!" Watu wakageuka. Nikamuuliza sindano ya pili ni lini. Akasema keshokutwa, ila ana wageni wa kupeleka kisiwa cha Wasini. Nimemwambia wageni hao nitawachukua mimi.